Mheshimiwa, siku ya kura ulikuwa wapi?

Vijana wenzangu, tuache kumpigia mbunge makofi juu ya gunia la mchele na picha. Kazi yake iko Kinshasa, kwenye kiti. Bunge lina misimu miwili tu kwa mwaka, kila mmoja miezi 3. Na Katiba yetu, ibara ya 110, inasema wazi: akikosa zaidi ya robo ya vikao vya msimu mmoja bila ruhusa wala sababu, ubunge umekwisha. Sasa nani anahesabu? Daftari la mahudhurio liko wapi tulione?

Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi Mei 2021. Ukaongezwa siku 15, halafu 15 tena, na tena, kwa idhini ya Bunge. Nani wa kwetu alisema ndiyo? Nani alikataa? Nani hakuwepo kabisa? (Wale wa “niko safarini” tunawajua.)

Watatujibu: nyinyi wakimbizi hamukupiga kura. Kweli, Desemba 2023 sisi wa Uganda hatukupiga, hata Masisi na Rutshuru hawakupiga. Lakini mashamba yaliyoachwa ni yetu, na wazee wetu wamebaki kule. Tunataka majina, moja moja, na kura ya kila mmoja pembeni.