Kijitabu cha Bluu Mlangoni mwa Kanisa

BARAZA LA JUMATANO
Na Salome Mwakio

Jumapili ya tarehe 6 Novemba 1960, zikiwa zimesalia siku mbili Wamarekani wapige kura, waumini wa makanisa mengi ya watu weusi walipotoka ibadani walipokea mlangoni kijitabu chembamba cha karatasi ya bluu. Nakala zake zinakisiwa kufika milioni 2. Ndani mlikuwa na habari ya simu moja, ambayo mgombea urais alimpigia mama mjamzito aliyefungiwa mumewe gerezani.

Kijitabu hicho hakijanitoka akilini tangu Julai 2025, Mamlaka ya Mapato ya Marekani ilipoiambia mahakama moja ya Texas kwamba mchungaji akiwaambia waumini wake ibadani wampe fulani kura, havunji sheria. Kwa miaka 70 sheria ilieleweka vingine. Kanisa lililosamehewa kodi halikuruhusiwa kumpigia debe mgombea yeyote, na aliyeileta sheria hiyo mwaka 1954 ni Lyndon Johnson, wakati huo seneta wa Texas. Haikuwahi kukaziwa sana. Lakini iliwapa wachungaji kitu wanachokihitaji mno msimu wa kampeni, nacho ni sababu ya kukataa. Mwanasiasa akija na maneno matamu, mchungaji aliweza kumwambia, "Mheshimiwa, sheria hainiruhusu." Sasa atamwambia nini?

Mwaka ule wa 1960 mgombea wa Democratic alikuwa John F. Kennedy. Sisi Wakenya tunamkumbuka kwa sababu Julai hiyo Tom Mboya alimfuata nyumbani kwao Hyannis Port, na wakfu wa familia yake ukatoa dola 100,000 za kuwasafirisha wanafunzi wetu. Kwao Marekani swali lilikuwa dini yake. Alikuwa Mkatoliki, na hadi hapo hakuna Mkatoliki aliyewahi kuwa rais. Al Smith alijaribu mwaka 1928, akaangushwa vibaya huku ukienezwa uvumi kwamba Papa ndiye angetawala. Septemba 1960 wachungaji wa Kiprotestanti wapatao 150, akiwemo mwandishi mashuhuri Norman Vincent Peale, walikutana Washington wakatangaza kuwa rais Mkatoliki hataweza kukwepa shinikizo la kanisa lake. Siku tano baadaye, tarehe 12, Kennedy akaenda Houston, katika hoteli ya Rice, akasimama mbele ya mamia ya wachungaji. Aliwaambia kwamba yeye ni mgombea wa chama chake, si wa kanisa lake, na kwamba siku urais utakapomlazimisha aisaliti dhamiri yake au nchi yake, atauacha. Kisha akakubali maswali, na maswali yalikuwa makali.

Hotuba ile inasomwa hadi leo, na mimi naiheshimu. Lakini haikumgeuza mzee mmoja wa Atlanta.

Mzee Martin Luther King, baba wa yule tunayemjua sote, alikuwa mchungaji wa kanisa la Kibaptisti la Ebenezer. Alikuwa upande wa Richard Nixon, mpinzani wa Kennedy, na sababu hakuificha: Kennedy ni Mkatoliki. Mtu mweusi wa Georgia, aliyebaguliwa kwa rangi tangu utoto, naye alikuwa na mtu wa kumbagua kwa dini. Sisemi hivi kwa kumdharau. Nimekaa kanisani miaka mingi, najua jinsi woga wa namna hiyo unavyofundishwa kwa upole, mtoto akiupokea pamoja na nyimbo.

Tarehe 19 Oktoba mwanawe alikamatwa Atlanta pamoja na wanafunzi walioketi katika mkahawa wa duka kubwa wakitaka wahudumiwe kama wazungu. Wenzake wakaachiliwa. Yeye akazuiliwa kwa kesi ya nyuma, ya kuendesha gari Georgia akiwa na leseni ya Alabama, na hakimu akamfunga miezi minne na kazi ngumu. Alfajiri bado giza akatolewa selo akiwa na pingu na minyororo, akapelekwa mbali, gereza la Reidsville. Mkewe Coretta, mimba ikiwa ya miezi kama sita, aliogopa kwamba hatamwona tena akiwa hai.

Kennedy siku hiyo alikuwa Chicago, katika chumba karibu na uwanja wa ndege. Shemeji yake, Sargent Shriver, alisubiri washauri wengine watoke, maana alijua wangekataa, ndipo akamwomba ampigie simu mama yule. Yalikuwa maneno machache tu: pole, na ukihitaji msaada niambie. Nixon, aliyekwisha kukutana na King huko Ghana siku za uhuru wa 1957, alinyamaza. Robert Kennedy naye akampigia hakimu, na tarehe 27 King akatoka kwa dhamana.

Jioni hiyo Ebenezer ilifurika. Mzee King akasimama akatangaza kwamba kura yake ni ya Kennedy, awe Mkatoliki asiwe Mkatoliki, kwa kuwa amemfuta machozi mkaza mwanawe. Ndiyo habari iliyojaa katika kijitabu cha bluu. Kennedy alishinda kwa kura zisizofika 120,000 kati ya milioni 68 na zaidi.

Wengi wakiisimulia habari hii huishia hapo. Mimi nashikwa na alichofanya mwana. Alimshukuru Kennedy hadharani, kwa moyo wote, lakini alipotakiwa atangaze kwamba anamuunga mkono, alikataa. Alitoka gerezani kwa msaada wa watu hao, mwili ukiwa bado na uchovu wa Reidsville, na bado akakataa.

Sidai kwamba dini ikae mbali na siasa. Makanisa ya watu weusi yana desturi ya kuwapandisha waumini kwenye mabasi baada ya ibada na kuwapeleka wakapige kura ya mapema, akina bibi wakiwa bado na kofia zao za Jumapili, na sioni ibada iliyo bora kuliko hiyo. Kumpeleka mtu kwenye sanduku la kura ni jambo moja. Kumshika mkono akiwa ndani ni jambo jingine kabisa.

Mkono huo siku hizi unashikwa pande zote mbili. Machi 2024 Donald Trump alitangaza Biblia iliyouzwa dola 59.99, na Novemba Wakristo weupe wa kiinjili wapatao 8 kati ya 10 walimpa kura. Mpinzani wake, Kamala Harris, alitimiza miaka 60 siku ya Jumapili, Oktoba 2024, akiwa mbele ya waumini wa kanisa la New Birth, karibu na Atlanta. Wote wawili walipokewa kwa makofi.

Makofi hayo nayajua. Katika kanisa moja nililosali zamani, mgombea alipewa kipaza sauti kabla ya mahubiri, akaacha bahasha ya paa. Paa likaezekwa, tena zuri. Mwaka uliofuata vibanda vya akina mama wa soko vilibomolewa kwa amri yake. Jumapili iliyofuata nilimtazama mchungaji wetu, mtu mwema, akihubiri juu ya subira, na mabati mapya yakilia kwa joto juu yetu.

Tarehe 22 Juni 1963 King, yule mwana aliyekataa, alikuwa Ikulu ya Washington pamoja na viongozi wenzake. Kennedy, sasa rais, alikuwa amepeleka bungeni muswada wa haki za raia, na aliwaeleza kwamba maandamano waliyoyapanga yangekuja wakati mbaya. King akamjibu kwamba yeye hajawahi kushiriki harakati yoyote ambayo haikuambiwa imekuja wakati mbaya. Tarehe 28 Agosti watu wapatao 250,000 walikusanyika Washington.