Kadi ya bima ya mzee: tazama dawa kwanza

Presha na kisukari si maradhi ya kumeza dozi ukamaliza. Vidonge ni vya kila siku. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilitamka kwamba mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Ni jambo jema, lakini dawa ikikosekana dirishani huandikiwa karatasi akanunue dukani, na hapo ndipo dozi hurukwa.

Wewe uliyeajiriwa serikalini, hapa chuoni Mzumbe au kwingineko, usikimbilie kumnunulia mzazi kadi nyingine. Utaratibu wa NHIF kwa watumishi wa umma umekuwa ni mwenza na wategemezi wanne, wazazi wakiwemo. Wengi hujaza watoto tu, mama akasahauliwa. Haipendezi.

Usiye na ajira hiyo, kabla ya kulipa chukua daftari la kliniki la mzee ukaulize. Dawa hizi zimo? Zahanati inazitoa, au mpaka apande gari kwenda mjini? Zikikosekana, duka gani linapokea kadi hiyo? Na itaanza kutumika lini? Vidonge vya mwezi ujao havingoji.