Pesa ya kasha jekundu



Wengi wenu mumetuuliza tena, katika mikutano ya vikundi, ikiwa pesa ya kasha jekundu inaweza kukopeshwa "kwa muda kidogo tu" wakati haina kazi. Mara ya mwisho tulijibu haraka, tukasema hapana, na mama mmoja akatuambia kwamba jibu la mwalimu bila maelezo ni sawa na fimbo. Ana haki. Leo tunaeleza, na ili tueleze vizuri, inatupasa kwanza kukubali kwamba siku moja sisi wenyewe tulijibu ndiyo.

Ilikuwa miaka michache iliyopita, katika kijiji kimoja cha milima ya juu ya Kalehe, upande wa Numbi. Anayeijua njia ile kutoka Minova anaelewa: wakati wa mvua gari linapanda hadi pale matope yanapolikataa, halafu ni miguu. Wamama wa kule wanateremka na viazi na maharagi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na wanapanda tena na chumvi, sabuni na mafuta. Tulienda kufundisha kusoma na kuandika. Lakini mtu akijua kwamba una choki mfukoni, atakuomba na hesabu, basi tukajikuta tunasaidia pia kuandika kaye ya kikundi chao, kikundi cha wamama 25.

Kwa wale walioingia kikundi juzi, tukumbushe. MUSO ina makasha matatu. Kasha la kijani ni la akiba na mikopo: unaweka, unakopa, unarudisha na faida. Kasha la bluu ni la pesa inayotoka inje ya kikundi, kwa shirika ao kwa benki. Kasha jekundu ni la msaada: kila mmoja anatoa kidogo kila mkutano, na mwenzetu akipatwa na ugonjwa, kifo ao kuzaa kwa shida, anapewa. Hapo hakuna faida, na anayepewa harudishi. Vikundi vya AVEC vina sanduku moja lenye kufuli tatu, na pesa ya msaada inafungwa peke yake katika kafuko. Mtindo wa AVEC ulianzia kwa wamama wa Maradi, kule Niger, mwaka 1991, ukatembea mpaka kwetu. Majina ni tofauti, lakini pesa ya msaada iko pande zote mbili.

Wamama wale wa mlimani walikuwa wakitoa franka 1,000 ya kijani na franka 200 ya nyekundu kila juma. 200 mara 25 ni 5,000. Baada ya majuma 36, ni 180,000. Katika muda ule walizika mara moja na kutoa 20,000. Ilibaki 160,000, ndani ya kitambaa, na kila mkutano ilihesabiwa na kufungwa tena.

Mwezi wa kwanza, maharagi yanapovunwa, bei inaanguka. Munajua namna inavyokwenda: mama anauza yote kwa bei ndogo kwa sababu ya minervali ya watoto wa sekondari, halafu mwezi wa tatu ananunua mbegu kwa bei kali, pengine kutoka kwa mtu yule yule aliyemuuzia. Prezidenti wa kikundi, mama mwenye akili sana, akasema: tununue sisi wenyewe, tuweke, tuuze bei ikipanda. Pesa ya kijani haikutosha, nusu ilikuwa mikononi mwa wakopaji. Ndipo mmoja akaonyesha kitambaa chekundu, akasema pesa hii inalala tu.

Wakatugeukia. Tulichukua choki, tukaandika kwenye mlango wa kanisa: magunia manne, bei ya leo, bei ya mwezi wa nne, tofauti. Wamama wakapiga makofi. Na tuseme kweli, kosa halikuwa katika kujumlisha, maana mwezi wa nne bei ilipanda karibu vile tulivyoandika.

Lakini mwezi wa pili, usiku wa mvua, mama mmoja wa kikundi alishikwa na uchungu, na kufika asubuhi mtoto alikuwa bado. Mkunga wa kijiji akasema ashushwe. Vijana wanane walimbeba kwenye kipoyi kwa kupokezana, saa tano za kutembea katika utelezi, mume akifuata na sufuria. Alipasuliwa siku ile ile. Mtoto alilia. Tunamshukuru Mungu, na tunawashukuru waganga waliofanya kazi ile usiku.

Kisha fakitire ikaja, na haikuwa na pesa ya kuijibu. Kikundi kilikuwa na magunia manne ya maharagi na kitambaa kitupu. Ile 160,000 isingelipa yote, lakini ingelipa dawa na sehemu kubwa ya operesheni, na kwa sehemu iliyobaki mume angeweza kuomba muda.

Mama hakuachiliwa. Hakuna aliyemfunga, ni mlinzi wa mlango tu aliyekuwa na liste ya majina. Kidonda kilipopona, kitanda chake kikapewa mgonjwa mwingine, akalala kwenye mukeka pembeni ya ukuta na mtoto wake, siku 19. Chakula kilitoka kwa wagonjwa wenzake. Juu mlimani alikuwa ameacha watoto wanne. Mwenzetu anayefundisha kule alituonyesha regista: msichana wake mkubwa, wa mwaka wa tano, ana alama ya kukosa kuanzia siku ile ya mvua mpaka karibu mwisho wa mwezi. Alikuwa nyumbani, anapika na kubeba mdogo wake. Masomo ya msingi katika shule za serikali hayalipiwi tangu mwaka wa shule 2019-2020, lakini pamoja na hayo mtoto yule hakusoma, kwa sababu ya pesa ambayo sisi tulisema iende sokoni.

Wamama waliuza magunia matatu. Mnunuzi alijua wana haraka, na katika matope yale hakukuwa na mwingine. Akalipa chini ya bei waliyonunulia. Gunia la nne ndilo liliuzwa mwezi wa nne, na ndilo lililotuonyesha kwamba hesabu ya choki ilikuwa sawa.

Mama yule aliporudi kwenye mkutano hakugombana. Alisema tu kwamba alitoa mia mbili yake mara 36 na hakukosa hata juma moja. Prezidenti alilia. Sisi tulitazama chini.

Tangu siku ile tunajibu hapana. Mjini, mtu akikosa pesa anapiga simu, jirani anakopesha, ndugu anatuma kwa simu saa ile ile. Kule juu rezo inapatikana kwenye kilima kimoja tu, na hospitali iko mbali kwa miguu ya watu wanane. Kijiji kikiwa mbali zaidi, pesa ile inahitaji zaidi kuwa ndani ya kitambaa saa nane za usiku. Wageni wengine wa mashirika wanatuuliza kwa nini pesa ya msaada "haizai". Wao wanahesabu mikopo, maana ndiyo inayoonekana vizuri kwenye raporo. Muwaheshimu, muwape kiti, na kasha mulifunge.

Wamama wa kule wameandika kanuni zao, na tunazipenda kuliko zetu. Kasha jekundu linalala nyumba tofauti na la kijani, na prezidenti hana ufunguo wake. Wamama watatu wakikubaliana, pesa inatoka usiku ule ule bila kungoja mkutano. Chakula cha wabebaji wa kipoyi kinatoka humo. Pesa ikipita kiwango walichoandika, hawaipeleki kwa kijani. Wananunua kitu cha kazi ile ile. Mara ya kwanza walinunua hema la plastiki na blanketi mbili za kipoyi.

Kulikuwa na swali moja kuhusu waume: je, bwana aweke sahihi kabla bibi hajapewa? Sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 iliyobadilisha Kitabu cha sheria za jamaa iliondoa ile ruhusa ya bwana iliyodaiwa tangu 1987. Basi sahihi haidaiwi. Lakini bwana ajulishwe, kwa sababu ndiye atakayefuata na sufuria.

Tunawaomba kitu kimoja mwezi huu. Katika mkutano wenu ujao, muhesabu kasha jekundu mbele ya wote kabla ya kazi nyingine, na muandike hesabu kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye. Ikiwa mulikopesha, muandike ni nani na lini atarudisha. Tutapita kwenu, na hatutakuja kwa kuchapa mtu.

Kule mlimani, anayetunza kitambaa chekundu leo ni mama yule wa kipoyi. Tulipomtembelea mwisho alikifungua mbele yetu na kutuambia tuhesabu. Tukahesabu. Akatuambia tuhesabu tena.