Mpiga picha, nyamazisha kamera wakati wa mageuzo

Hapa Kilimatinde, Hostia inapoinuliwa kengele hulia, kisha kimya. Ndipo kamera inapoanza: kacha, kacha, kacha. Hatuwafukuzi wapiga picha. Familia zinataka kumbukumbu, nao wanatafuta riziki. Lakini kamera nyingi za kisasa, zile zisizo na kioo ndani, zina shata ya kielektroniki: hailii wala haitikisi kamera. Tunajibiwa kwamba huleta mistari pichani. Kweli, chini ya baadhi ya taa. Ila umeme wetu ni wa hezi 50, na kasi ya 1/100 ya sekunde mara nyingi huiondoa. Chetezo kinachobembea huenda kikaonekana kimepinda. Na kipinde! Padre aliyeinua Hostia ametulia.