Bei ya Dukani Si Gharama ya Bunduki

Mwandishi aliyewashauri Wamarekani wanaoanza kulenga shabaha wachague Marlin Model 60 badala ya Ruger 10/22, eti kwa sababu ya bei, amehesabu nusu tu. Zote ni nusu-otomatiki za kaliba .22, na ubora wa mtutu anaousifu haumsaidii anayeanza: mkono wake ndio unaotikisika.

Tofauti kubwa iko kwenye magazini. Ya Ruger, yenye risasi 10, huchomolewa ikawekwa mezani, kila mtu uwanjani akaiona. Ya Marlin ni bomba refu chini ya mtutu. Risasi iliyosalia ndani haionekani kwa nje. Kwa mgeni wa silaha, hilo lina uzito zaidi kuliko dola chache. Nakubali kwamba bolti ya Model 60 za miaka ya baadaye hubaki wazi risasi zikiisha, jambo ambalo 10/22 ya kawaida haifanyi. Lakini chemba lazima ikaguliwe kwa macho, bunduki iwe ipi.

Halafu kuna vipuri. 10/22 imekuwa ikiundwa tangu 1964 na vifaa vyake vimejaa madukani; Model 60 nyingi zinazouzwa leo ni mitumba. Anayetaka kubana matumizi anunue 10/22 ya kawaida, aachane na darubini ya bei ghali, fedha iliyobaki iende kwenye risasi za mazoezi.