Inanga Haina Pasipoti
Wapo washikiliao kwamba inanga ni ala ya Warundi, isiyo na fungu katika muziki wa Tanzania. Hoja dhaifu! Wahaya wana enanga yao tangu kale. Na Kabungu, mkoani Katavi, imo wilaya moja na Mishamo, makazi ya waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Mwaka 2014 wakimbizi hao na wazao wao, zaidi ya 160,000, walipewa uraia. Mtu awe Mtanzania, ubao wake wa nyuzi ubaki mkimbizi?

Kwa hoja hiyo Wachina wasingekuwa na pipa (si pipa la mafuta, bali ala yao ya nyuzi nne), kwani asili yake ni Asia ya Kati, ikaingia China kwa njia ya misafara. Na Unguja je? Ganuni ilitoka Misri zama za Sayyid Barghash, wala hakuna aliyeidai hati. Au ugeni uliopanda jahazi ni ustaarabu, uliotembea kwa miguu ni ukimbizi?

Inanga huimbiwa kwa mnong'ono, sauti ya mwimbaji ikijificha ndani ya uzi. Wanaoikataa waseme kwanza iwapo waliwahi kunyamaza wakaisikiliza.