HATI YA TALAKA SI FADHILA YA KARANI

Liko neno moja ambalo mwanamke wa kijijini hulisikia mara nyingi kuliko salamu anapofika kwenye masjala ya mahakama. Neno lenyewe ni "njoo kesho". Huambiwa hivyo mtu aliyeondoka nyumbani alfajiri, akapanda basi la vumbi mpaka makao makuu ya wilaya, huku nyuma ameacha shamba la mtama wakati ndege wanalishambulia. Hakwenda kuomba chakula wala kazi. Alikwenda kuomba nakala ya talaka yake mwenyewe, iliyotolewa na mahakama ya nchi yake mwenyewe, katika shauri ambalo jina lake limeandikwa juu ya jalada. Kwa karani anayelala nusu maili kutoka ofisini, kesho ni siku kama nyingine. Kwa mtu wa Kwa Mtoro au Mpwayungu, kesho ni nauli ya pili, mahali pa kulala, na watoto walioachwa kwa jirani.

Watumishi wengi wakiulizwa juu ya jambo hili hujibu kwa tabasamu. Husema eti talaka ni habari ya watu wawili walioshindwana, na kwamba ofisi ina mambo makubwa zaidi ya kushughulikia. Jibu hilo ni la mtu ambaye hajapata kukaa katika kikao cha mirathi. Chukulia mwalimu aliyeoa mwaka 1988, akatengana na mkewe kwa hukumu ya Mahakama ya Mwanzo mwaka 1996, akaoa tena mwaka 1999, kisha akafariki dunia akiwa kazini. Jalada lake la utumishi bado lina jina la mke wa kwanza, maana marehemu hakurekebisha fomu. Mfuko wa pensheni unataka uthibitisho. Ndugu wa marehemu wamekwisha kuingia ndani ya nyumba iliyopo Dodoma mjini, kwenye kiwanja ambacho thamani yake si ile ya zamani tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016. Mke wa pili anaitwa hawara mbele ya watoto wake. Yote hayo yangekatwa kwa karatasi moja, na karatasi hiyo imelala katika rafu ambayo hakuna anayejisumbua kuifikia.

Kinyume chake ni kibaya zaidi. Wapo wanawake ambao hawakupata kuachwa kisheria hata siku moja, lakini mume akishazikwa, shemeji husimama na kutangaza kwamba "huyu alishaachwa zamani". Palipo na kumbukumbu, shemeji huyo angeulizwa: talaka ilitolewa na mahakama ipi, mwaka gani, kwa shauri namba ngapi? Pasipo na kumbukumbu, mwenye sauti kubwa ndiye mrithi.

Hapana budi kukumbushana sheria inasema nini, kwa sababu ujinga juu yake umeenea hata miongoni mwa watu wenye shahada. Mwaka 1971 Watanzania walipata maandiko mawili yenye uzito. La kwanza lilikuwa Mwongozo wa TANU, uliokemea majivuno na dharau za viongozi kwa wananchi. La pili lilikuwa Sheria ya Ndoa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo, ikaziweka ndoa zote za Tanzania Bara, za dini na za mila na za kiserikali, chini ya paa moja. Kwa sheria hiyo ndoa huendelea kuwapo mpaka mmoja afariki au mahakama iivunje. Mume hawezi kuivunja kwa kuandika mistari mitatu kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la mtoto. Mchungaji au padri hawezi kuivunja kwa barua. Wazee hawawezi kuivunja kwa kurudisha ng'ombe. Ndugu Waislamu hawakusahauliwa: mgogoro ukishapitia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na Baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, kisha talaka ikatolewa kwa kanuni za Kiislamu, mahakama huipokea na kuitolea amri. Lakini amri hiyo lazima itolewe, na ikishatolewa lazima ionekane.

Wagogo wa zamani hawakuwa na masjala, lakini hawakupoteza kumbukumbu. Ng'ombe wa mahari walijulikana kwa rangi na pembe, na waligawanywa kwa baba, wajomba na ndugu wengine, kila mmoja akijua aliyepokea na aliyetoa. Ndoa ilipovunjika, madai ya ng'ombe hao yalizungushwa katika makazi ya watu wengi, na kila aliyeguswa akawa shahidi. Kumbukumbu hiyo ilikuwa vichwani mwa watu wazima kumi au ishirini, wala hapakuwapo aliyeweza kuifungia kabatini na kuondoka na ufunguo. Ni aibu kwamba dola yenye mihuri, kompyuta na majengo ya ghorofa imeshindwa kufanya vizuri kuliko zizi.

Basi kumbukumbu hizo ziko wapi? Hapa ndipo watumishi wanapowapoteza watu, wengine kwa makusudi na wengine kwa kutojua. Mamlaka ya kusikiliza mashauri ya ndoa yamewekwa kwa pamoja katika Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu. Hivyo swali la kwanza ni shauri lilifunguliwa wapi, wala si wanandoa walitoka kijiji gani. Swali la pili, ambalo husahaulika, ni kama palikuwa na rufaa. Rufaa ikikatwa, jalada la chini huitwa juu. Mama wa Mvumi anaweza kuhangaika miezi katika Mahakama ya Mwanzo akitafuta jalada ambalo liliitwa Mahakama Kuu, Kanda ya Dodoma, miaka kumi iliyopita na halikurudi.

Swali la tatu ni la mipaka ya wilaya, na katika nyanda hizi za kati lina uzito wa pekee. Wilaya za Bahi na Chamwino zimezaliwa kutokana na iliyokuwa Dodoma Vijijini. Kongwa ilitoka Mpwapwa. Chemba ilikatwa kutoka Kondoa mwaka 2012, na mwaka huo huo Mkalama ikatoka Iramba, nayo Ikungi ikatoka Singida Vijijini. Karani wa Chemba anapomwambia mtu kwamba hakuna shauri kama hilo la mwaka 1994, huenda anasema kweli kuhusu rafu zake, lakini anasema uongo kuhusu Jamhuri. Mwaka 1994 hapakuwa na Wilaya ya Chemba. Mtu huyo angeelekezwa Kondoa. Sentensi moja tu ya uelekezi ingemwokolea wiki mbili.

Mwombaji asiyejua namba ya shauri huambiwa kwamba bila namba hakuna kitu. Huo si ukweli. Kila mahakama ina rejista ya mashauri kwa kila mwaka, yenye namba, majina ya mdai na mdaiwa, na jinsi shauri lilivyomalizika. Anayejua majina na mwaka anaweza kupatiwa namba kwa kufunua kurasa, na kufunua kurasa ni kazi ambayo karani analipwa mshahara kuifanya. Tena mwaka hupatikana hata kwa asiyejua kusoma, mradi aulizwe kwa heshima. Akisema ni mwaka aliofariki Ndugu Sokoine, huo ni 1984. Akisema ni masika ya mvua zile za El Niño, karani atazame rejista za 1997 na 1998. Akisema ni mwaka wa ajali ya treni pale Igandu, huo ni 2002. Wananchi wana kalenda yao. Kinachokosekana ni mtumishi mwenye subira ya kuisoma.

Watetezi wa urasimu watasema vyumba vya kumbukumbu ni vidogo, makarani ni wachache, na mchwa wa Ugogo hawaheshimu hukumu ya hakimu yeyote. Yote hayo ni kweli, na mahakama za mwanzo za vijijini zinastahili makabati ya chuma kabla ya wakubwa kununuliwa mazulia. Lakini uhaba wa makabati hauelezi muujiza mmoja unaojulikana na kila mtu: jalada lililopotea kwa miezi mitatu huonekana kwa dakika tano baada ya noti kupita chini ya meza. Mchwa gani huyo anayetapika jalada zima akipewa chai? Malipo halali ya nakala hufanywa kwa namba ya malipo ya Serikali, na risiti hutolewa. Lolote nje ya hapo ni wizi, hata likiitwa nauli ya kwenda stoo.

Iko hoja nyingine ambayo haistahili kubezwa, nayo ni siri. Hukumu ya talaka ina maneno ya uchungu: ugoni, vipigo, ugumba, watoto wasiotambuliwa. Si halali kila mpita njia kuyasoma. Lakini wanaoishika hoja hii kwa nguvu mbele ya mwenye shauri ndio hao hao wanaoyasimulia maneno hayo jioni kwenye kilabu cha pombe. Siri huwekwa dhidi ya mdaku. Haiwekwi dhidi ya mama anayeomba karatasi yake, wala dhidi ya msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Tena njia ya kulinda siri ipo wazi. Hukumu ni kitu kimoja, na hati au amri ya talaka ni kitu kingine. Amri inasema tu kwamba ndoa ya fulani na fulani imevunjwa, tarehe fulani, na mahakama fulani. Ofisi za utumishi, shule na mabenki zinazomtaka mtu alete hukumu nzima yenye kurasa kumi na mbili ili abadilishe jina la mwenzi kwenye fomu, zinadai zisichohitaji. Afisa anayetaka kujua kama ndoa imekwisha aridhike na hati. Hukumu nzima huhitajika panapobishaniwa mali au watoto, maana humo ndimo mgawanyo ulimoandikwa. Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, kazi ya nyumbani ya mke huhesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa. Lakini mgawo wa nyumba au ng'ombe ambao nakala yake haipatikani, mwenye nyumba ataudai kwa kitu gani?

Walimu wanaguswa kwa namna ya pekee. Tangu zamani mwalimu ndiye aliyeandika barua za kijiji, na bado wapo wengi wanaopelekewa karatasi jioni. Barua ya kuomba nakala haihitaji lugha ya mawakili. Iandikwe kwa Hakimu Mfawidhi, kwa Kiswahili, itaje majina ya wahusika kama yalivyoandikwa siku ya shauri (mwanamke aliyeitwa kwa jina la baba yake mwaka ule asitafutwe kwa jina la mume wa pili), mwaka, namba ikijulikana, uhusiano wa mwombaji na shauri, na kinachoombwa: amri ya talaka peke yake, au pamoja na hukumu, nakala iliyothibitishwa kwa muhuri. Ipelekwe nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi na mwombaji. Karani anaogopa tarehe iliyogongwa muhuri kuliko machozi. Na jalada likikosekana, mwombaji adai maandishi yanayosema kwamba limetafutwa na halikuonekana. Maandishi hayo, pamoja na namba iliyomo kwenye rejista, humpa hakimu pa kuanzia kulijenga upya jalada kwa nakala walizo nazo wahusika.

Kisha ipo hatua ambayo karibu kila mtu huiruka. Talaka iliyotolewa na mahakama inapaswa kusajiliwa, na kazi ya kusajili ndoa na talaka leo ipo mikononi mwa RITA. Aliyeisajili ana mlango wa pili wa kubisha hodi siku jalada la mahakama litakapoliwa. Lakini ni hakimu gani, akimaliza kusoma hukumu, humweleza mwanamke aliyesimama mbele yake kwamba achukue amri, cheti cha ndoa na nakala ya hukumu, akasajili? Wengi hutoka mahakamani wakidhani mambo yamekwisha, na hawarudi mpaka miaka ishirini baadaye, siku ya msiba.

Mahakimu wafawidhi wa Dodoma na Singida hawahitaji kungoja waraka kutoka juu. Kila mahakama ya mwanzo ina ubao wa matangazo, na mara nyingi ubao huo umebandikwa ratiba iliyopauka kwa jua. Ubandikwe hapo utaratibu wa kuomba nakala: nani anaruhusiwa, alete nini, alipe kiasi gani kwa namba ya malipo, angoje siku ngapi, na jina la wadhifa wa atakayelaumiwa siku hizo zikipita. Kazi hiyo inataka karatasi moja, kalamu ya wino mzito na misumari minne.